Kadi ya Feni Tatu na Mfuniko Uliokataa Kufunga

Wiki iliyopita binti mmoja mwenye studio pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, alinifuata nyumbani, akanionyesha kwenye simu picha ya kadi ya grafiksi, kile kifaa cha kuchakata picha ndani ya kompyuta, anayotaka kununua kwa kazi zake za harusi. Nikamuuliza imemvutia kwa lipi. Akanijibu bila wasiwasi, "Mama Zuhura, inawaka taa, halafu rangi unachagua mwenyewe." Nilishtuka, nikakaa chini. Nikamuuliza kasha la kompyuta yake lina upana gani. Hajui. Pawa saplai yake, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, ni ya wati ngapi. Hilo nalo hajui. Anahariri kwa programu gani. Hapo akacheka, akasema programu aliwekewa na rafiki yake.

Sikumgombeza, maana mimi yangu niliichagua kwa kuhesabu feni. Na aliyelipia uchaguzi ule si mimi. Alilipia Festo, mhariri wangu, mtu mzima mwenye mke na mtoto, fundi mwenye mikono safi kuliko yangu. Alilipa kwa jina lake. Mpaka leo jambo hili halijanitoka, ndiyo maana nimeamua kuwaandikia nyinyi mnaoanza, hata kama mtaniona bibi mwenye maneno mengi.

Mimi kazi nilifundishwa na mjomba wangu, marehemu Salehe, enzi za chumba cha giza na dawa za kusafishia filamu. Baba yake alikuja Mbeya kutoka pwani na mashine ya cherehani, yeye akageukia kamera. Kila asubuhi kabla hajawasha chochote aliigusa mashine kwa mgongo wa kiganja, na baada ya saa moja anaigusa tena. "Mashine haina mdomo," aliniambia, "kwa hiyo ushike paji lake." Nilifanya hivyo miaka mingi. Zikaja kanda za video, zikaja deki mbili nilizounganisha kwa waya ili nihariri harusi kwa kubonyeza hii na kusimamisha ile, na kidole kikiteleza bwana harusi anavishwa pete mara mbili. Kompyuta zilipoingia nikaacha kugusa. Nilidhani zina akili zao.

Sasa sikilizeni habari ya vitambaa. Nyinyi mmekuta runinga za ukutani, lakini sisi kila kifaa nyumbani tulikifumia kitambaa. Redio ina chake, deki ina chake, makochi ndiyo usiseme. Mama yangu alinifundisha kufuma kwa sindano ya kulabu kabla sijajua kusoma. Studio yangu ilikuwa kandokando ya soko, na kiangazi vumbi la Mwanjelwa linaingia hata mlango ukiwa umefungwa. Deki yangu ilidumu na kitambaa chake mpaka kanda zenyewe zikatoweka madukani. Mtu angeniambia kitambaa kinaua mashine ningemwona hana adabu.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo siku nilipoamua kununua kadi kubwa. Studio ya jirani ilikuwa imeanza kutoa harusi kwa siku tatu, sisi tulikuwa tunatoa kwa wiki mbili. Video za siku hizi ni nzito. Kamera zinarekodi picha yenye maelezo mengi kupita kiasi, na ukishakata na kupanga na kuweka rangi, lazima uiamuru kompyuta iunge vyote viwe filamu moja. Hapo ndipo wenzangu wanaposema "narenda." Kompyuta yangu ikirenda unaweza kwenda Tukuyu ukarudi.

Festo alikaa na mimi akanieleza taratibu, kama kawaida yake. Alikuwa Mhehe wa Kihesa kule Iringa, mpole, haongei mpaka umalize.

"Mama, tusianze na kadi," alisema. "Tuanze na kasha, maana hili letu jembamba. Halafu pawa saplai. Kadi tuchukue ya kati, yenye feni mbili. Programu yetu itaitumia vizuri, na chenji tuongeze RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta."

"Ya kati wanayo wenzetu," nikamjibu. "Mimi nataka ya feni tatu."

"Feni tatu ni kwa sababu inachemka, mama. Siyo sifa."

Nilimsikia, ila sikumsikiliza. Kadi ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwenye boksi lenye picha ya askari ameshika upanga, sijui upanga na harusi vinahusiana vipi. Fundi aliyeifunga alipomaliza, mfuniko wa ubavuni ukakataa kufunga. Kadi ilikuwa pana na waya zake za umeme zilitokeza nje. Alisukuma, akasukuma, mwisho akauegemeza mfuniko ukutani, akasema kompyuta itafanya kazi hata ikiwa wazi. Na kweli ilifanya. Siku ya kwanza ilirenda send-off nzima, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kabla chai haijapoa, nikamtazama Festo kwa jicho la nilikwambia.

Lakini ubavu uko wazi, na vumbi la soko linaingia. Mimi nikafanya ninachokijua. Nilifuma kitambaa kikubwa cha uzi wa buluu na njano, chenye matamvua marefu pembeni zote, kikaning'inia vizuri mpaka chini na kuziba ubavu ule. Nilikifuma kwa majuma mawili, nikakiweka kwa mkono wangu. Festo akakitazama.

"Mama Zuhura, mashine itapata joto."

"Joto hapa Mbeya? Mwezi wa saba huu, mimi mwenyewe nimevaa sweta mbili."

Tulicheka wote. Yeye alicheka kwa heshima tu, hilo nimelijua baadaye.

Niwape la kazi hapa kabla sijasahau. Baridi ya nje haiipoozi kadi. Kadi inapoa kwa hewa inayopita, na hewa haipiti kwenye sweta. Ikichemka haizimiki papo hapo, inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unabaki unashangaa kwa nini kifaa cha bei ya pikipiki kinatambaa. Ikichemka zaidi, inaanza kuharibu picha: vipande vya kijani, mistari, uso wa mtu unakatika. Na kuna jirani yangu aliyenunua kadi nzuri akaunga waya wa skrini kwenye tundu la zamani la kompyuta, siyo kwenye kadi. Alimaliza msimu mzima wa harusi akiisifia kadi ambayo haikuonyesha hata picha moja kwenye skrini yake. Tulimcheka sana huyo. Ningejua yanayonijia nisingecheka.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kuona jambo. Kazi zetu zilikuwa zinakwama asubuhi nzima, lakini nikirudi kutoka kuswali adhuhuri nakuta zimekamilika. Nikienda sokoni, zinakamilika. Nikishinda studio, hakuna kinachotoka. Mwanzoni nililichukulia kama bahati. Kisha shetani akaninong'oneza kuwa Festo anafanya kazi zake binafsi kwenye mashine yangu nikiwa nipo nimempa mgongo, halafu nikitoka anaharakisha za kwangu ili zionekane. Nilianza kumchunguza. Nilikuwa nikirudi ghafla namkuta amesimama karibu na mashine, anakaa haraka. Mtu asiye na kosa anakaa haraka kwa nini? Nilijiuliza hivyo, na jibu nikalitengeneza mwenyewe.

Ndipo ikaja kazi ya Igawa, njiani kwenda Iringa. Tulipiga send-off ya binti mmoja wa kule aitwaye Tumaini, na baba yake, mzee aliyekuwa mgonjwa tayari, alisimama kwa kushikiliwa akamwaga maneno ya kumuaga mwanawe. Watu walilia. Hazikupita siku nyingi mzee akafariki. Familia ikaniletea ujumbe kwamba siku ya kumaliza msiba wanataka ndugu wote wayasikie maneno yale kwenye skrini kubwa. Kaka yake Tumaini alikuja Mbeya mwenyewe kuichukua, akakaa kwenye benchi langu kuanzia asubuhi, na gari la kurudi Igawa linamsubiri.

Festo akarenda. Ikatoka mbovu: uso wa mzee umefunikwa na miraba ya kijani, sauti inarukaruka. Akarudia, ikatoka mbaya zaidi. Adhuhuri ikafika. Festo akanigeukia.

"Mama, nenda kaswali kwanza. Ukirudi tutaona."

Wanangu, nilihisi damu imenipanda kichwani. Mbele ya mteja aliyefiwa, mtu ananitoa kwenye studio yangu.

"Leo naswalia hapahapa," nikasema. Nikatandika mkeka nyuma ya pazia, hatua nne kutoka kwenye mashine, nikaswali na sikio likiwa nje. Festo hakusogea kwenye kiti. Mara ya tatu ikatoka bila uso kabisa.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilisema ameharibu klipu wakati wa kuzihamisha kutoka kwenye kamera. Nilisema kazi zangu hutoka nikiwa sipo, na leo nipo ndiyo maana ameumbuka. Nilisema, na hili nililisema kwa sauti ili kaka wa Tumaini asikie, "Umefuta maneno ya marehemu." Festo akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akamwangalia yule kijana aliyefiwa. Akachukua koti lake.

"Sijafuta, mama," akasema, na akaondoka.

Jioni ile ile nikarekodi sauti kwenye kundi la simu la wapiga picha wa Mbeya na Iringa. Nikawaonya wenzangu wenye studio kuhusu Festo, nikimtaja jina na anakotoka. Nilijiona nimetenda haki.

Majuma matatu baadaye kadi ikazima kabisa. Nikamwita fundi mwingine, Mnyakyusa mmoja mchangamfu. Alipoingia tu, akasimama akakitazama kitambaa.

"Mama, hii kitu inapumua wapi?"

Akakivuta. Hakikutoka. Akavuta taratibu, akainama, akamulika kwa tochi ya simu, kisha akaniita nije nione mwenyewe. Matamvua ya uzi wa buluu na njano yalikuwa yameingia kwenye feni ya katikati, yakajisokota kwenye mhimili wake kama uzi kwenye bobini, feni haizunguki hata ukiisukuma kwa kidole. Uzi ulikuwa umekauka, rangi ya njano imegeuka kahawia kwa kuungua. Uzi wangu. Mafundo yangu. Fundi alikuwa anaongea, anaeleza habari ya feni mbili zilizobaki kwamba zilikuwa zinajitahidi ubavu ukiwa wazi na zinashindwa ukifunikwa, mimi namwona midomo inacheza tu.

Akaukata uzi kwa wembe, akasafisha, akawasha. Nikamwomba afungue klipu za Igawa. Zilikuwa nzima, zote, tangu siku ya kwanza. Akairenda hotuba ya mzee bila kitambaa. Nilisimama pale pale mpaka ikaisha. Uso wa mzee ukatokea safi, mpaka jasho kwenye paji unaliona, na sauti yake haikukatika hata mara moja. Nililia kuliko nilivyolia kwenye send-off yenyewe.

Swali likabaki moja tu, kwa nini nikienda kuswali kazi zilitoka. Nilijua jibu kabla sijalimaliza swali, na bado nilikataa kulijua.

Kesho yake nikasafiri. Nilishuka kwanza Igawa nikampelekea Tumaini filamu yake. Msiba ulikuwa umeshamalizwa, ndugu wameshatawanyika, skrini waliyokodi waliionyeshea picha za mnato tu. Nilimweleza kila kitu, na kitambaa nikakitaja. Alimtazama baba yake kwenye simu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Yule kaka mpole, yuko wapi?" Nikamwambia naelekea kwake. "Mimi nilimlaani, mama. Kila usiku tangu siku ile nilimlaani kwa jina." Nikarudi barabarani kusubiri basi la Iringa.

Kihesa nilielekezwa na watu. Sikumkuta kwenye studio yoyote. Nilimkuta uani kwake, anagongelea mbao za masanduku ya nyanya, vidole vimejaa vidonda vya misumari. Mkewe, Neema, alikuwa anaanika nguo. Alinisalimia shikamoo, akaendelea kuanika. Festo alisimama, akanipa kigoda, akasema karibu mama kana kwamba nimekuja kumtembelea tu.

Nikamwambia habari za uzi. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka.

"Ulikuwa unakitoa," nikasema. "Nikienda kuswali."

"Nilikuwa nakitoa, na nikisikia viatu vyako nakirudisha."

"Kwa nini hukunambia?"

"Nilikwambia, mama. Ukasema Mbeya hakuna joto." Aliiweka nyundo chini. "Na ulikifuma mwenyewe. Wiki mbili nilikuona unakifuma. Ningekirudia mara ngapi?"

"Na siku ile ya Igawa?"

"Nilikuomba uende kuswali."

Nilitamani ardhi inimeze. Miezi yote ile mtu amenifichia aibu yangu kila adhuhuri, na huko kuficha kwake ndiko nilikokuchukua nikakufanya ushahidi. Nilimwomba msamaha kwa maneno yote ninayoyajua. Nikamwambia arudi, studio aiendeshe yeye. Akatikisa kichwa, bila hasira. Nikamwambia nimesharekodi sauti nyingine kwenye kundi, nimesema kosa ni langu.

"Nimeiona," akasema. "Ya kwanza walitumiana mpaka Njombe. Hiyo ya pili hajaisikiliza mtu. Nilipita studio tano hapa mjini, mama. Wanakuuliza jina, ukilitaja wanakwambia tutakupigia."

Nikatoa simu yangu. Nikamwambia anitajie hizo studio tano. Nikaweka sauti ya nje ili na yeye asikie, nikampigia wa kwanza. Akasema, "Festo yupi, yule aliyefuta maneno ya marehemu?" Nikamwambia hakufuta. Nikamweleza, kadi, mfuniko, kitambaa, uzi. Alicheka sana habari ya kitambaa. Wa pili hakucheka, aliniuliza kama Festo amenilazimisha kupiga simu. Wa tatu alisema atafikiria.

Wakati wote huo Neema alikuwa ameacha nguo kwenye beseni. Alikuja akasimama karibu na mumewe, mikono inachuruzika maji.

"Kumbe ni kweli hukufuta," alimwambia.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia siku niliyorudi," Festo akasema. "Ukasema Mama Zuhura hawezi kusema uongo."

Neema alinitazama. Mimi nikatazama simu, nikatafuta namba ya nne.